Dunia isiyo na Walt Disney ipo, na ina kiingilio: Tivoli, Efteling au Disneyland Paris?

Shule za huku Ulaya zikikaribia kufunga, makundi ya WhatsApp ya Waswahili hujaa swali moja: watoto tuwapeleke wapi? Jibu la haraka huwa Disneyland ya Paris. Kwa aliyeko Brussels, Rotterdam au Cologne si mbali, watoto wanaijua tangu hawajaanza kutamka vizuri, na picha zake zikitumwa kwa bibi Tanga au Bujumbura hazihitaji maelezo.

Kabla hujalipa, hebu jiulize jambo linaloonekana la mzaha: lau Walt Disney asingezaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901, wazazi wa leo wangewapeleka wapi watoto wao? Marekani swali hilo ni la kuwazia tu. Ulaya lina jibu lenye anwani na saa za kufungua. Tivoli ya Copenhagen ilifunguliwa mwaka 1843, miaka 58 kabla ya mtu huyo kuzaliwa. Efteling, kusini mwa Uholanzi, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1952, miaka mitatu kabla ya Disneyland ya kwanza kule California. Zote mbili zipo hadi leo na kila moja hupokea watu mamilioni kwa mwaka. Basi tunalinganisha bustani iliyomtangulia, bustani iliyokua bila yeye, na bustani iliyojengwa na warithi wake.

Nitasema mapema ninavyoona. Tofauti yao kubwa haiko kwenye ukubwa wala wingi wa michezo. Iko kwenye nani anayeishika siku yako ukishavuka lango: wewe au wao.

Kwanza, huyu mtu alileta nini hasa?

Wengi humpa Walt Disney sifa ya kuanzisha katuni. Hakuanzisha. Winsor McCay alishawaonyesha Wamarekani dinosaria wake Gertie mwaka 1914. Huko Argentina, Quirino Cristiani alitoa filamu ndefu ya katuni mwaka 1917, ingawa nakala zake zimepotea. Mjerumani Lotte Reiniger alikata vivuli vya karatasi kwa mkasi, na mwaka 1926 akatoa filamu nzima ya Mwanamfalme Ahmed iliyochotwa kwenye Alfu Lela Ulela. Mimi naipenda kuliko nusu ya filamu za Disney, na mtoto aliyelelewa kwa hadithi za majini ataifuata bila shida ingawa ni filamu bubu. Hata katuni zenye sauti zilikuwapo kabla ya Mickey Mouse, maana ndugu wa Fleischer walizijaribu katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo dunia bila Disney ingekuwa na katuni tele. Pengine Popeye, yule baharia wa katuni zao hao Fleischer, ndiye angekuwa kwenye mabegi ya shule.

Alichokuwa nacho yeye ni kidonda. Mwaka 1928 alikwenda New York kuomba nyongeza ya malipo kwa katuni za sungura wake, Oswald, akaambiwa sungura si wake bali ni wa kampuni ya Universal, na kwamba wachoraji wake wengi wameshachukuliwa. Alirudi mikono mitupu. Tangu hapo akawa mtu wa kutaka kila kitu kiwe chini yake. Mickey, aliyembuni pamoja na mchoraji mwenzake Ub Iwerks, alihakikisha ni mali yake. Snow White ya mwaka 1937 aliitengeneza kwa mikopo huku watu wa Hollywood wakimcheka. Wachoraji wake walipogoma mwaka 1941, aliuona mgomo ule kama usaliti wa nyumbani kwake, na hakuusahau.

Bustani ilikuwa mwendelezo wa tabia hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi katika Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao huku yeye hana la kufanya. Viwanja vya starehe vya Marekani wakati ule vilikuwa vya kuingia na kutoka popote, wenye vibanda wengi, bia na kelele. Disneyland ikaja na lango moja tu. Ikazungushiwa tuta refu la udongo ili aliye ndani asiione barabara wala nyaya za umeme. Kila njia kuu ikaelekea kwenye kasri, ili mguu wako ujue pa kwenda kabla wewe hujaamua. Kwenye mtaa wa kuingilia, ghorofa za juu zimejengwa ndogo kuliko za chini, jengo fupi likaonekana refu. Pombe kwa wageni wa kawaida ilikatazwa.

Ilijengwa kwa mwaka mmoja kwenye mashamba ya michungwa ya Anaheim, kwa dola milioni 17, sehemu ya fedha ikitoka televisheni ya ABC ambayo kwa kubadilishana ilipata kipindi cha kila wiki. Siku ya ufunguzi, 17 Julai 1955, ilikuwa vurugu: watu waliingia kwa tiketi za kughushi, bomba za maji ya kunywa hazikutosha, na lami iliyokuwa bado laini ikanasa viatu vya kina mama. Yote yakarekebishwa. Ambacho hakikurekebishika ni moteli zilizoota nje ya uzio, kwenye ardhi isiyokuwa yake. Kwa hiyo Florida walinunua kimyakimya, kwa kutumia kampuni zenye majina mengine, ekari zipatazo 27,000. Walt alifariki Desemba 1966 kabla ya kuiona bustani ya huko. Kaka yake Roy ndiye aliyefungua mwaka 1971.

Sasa tuingie kwenye bustani zenyewe.

Tivoli: siku ni yako

Muasisi wake, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers, baba yake akiwa huko kwenye kazi za ubalozi. Inasimuliwa kwamba alimshawishi mfalme Christian wa Nane kwa hoja fupi: watu wakiburudika hawafikirii siasa. Mfalme akatoa kibali. Carstensen hakuhitaji katuni wala televisheni. Alihitaji taa, muziki, maua na chakula.

Tivoli iko ng'ambo ya barabara ukitoka stesheni kuu ya Copenhagen. Ni ndogo, kama hekta nane tu, na unaizunguka kwa miguu bila mtoto kulia. Kiingilio hulipwa peke yake na michezo hulipwa peke yake, na hapo ndipo inapotofautiana kabisa na mbili nyingine. Shangazi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa, asiyetaka kurushwa hewani, analipa kiingilio tu, anakaa kwenye benchi kando ya ziwa, anasikiliza muziki, anatazama watu. Waliokulia Forodhani wataielewa Tivoli mara moja: ni mahali pa jioni, pa kutembea polepole na kula, na watoto wanacheza pembeni.

Kitu cha kukitazama kwa karibu ni Rutschebanen, rola kosta ya mbao ya mwaka 1914, yaani treni ya mchezo ya kupanda na kuteremka kwa kasi. Katikati ya mabehewa hukaa mtu wa breki. Ni mfanyakazi halisi mwenye mkono kwenye breki halisi, ndiye anayeamua mteremko huu tuuache au tuubane. Duniani zimebaki chache mno za aina hiyo. Ukipanda mara mbili na watu wawili tofauti, safari hazilingani.

Walt alikuja hapa mwaka 1951 akiwa na rafiki yake, mtangazaji Art Linkletter, ambaye alisimulia baadaye jinsi mwenzake alivyokuwa akiandika kwenye daftari: viti, taa, usafi, vyakula. Alichukua mengi. Ambacho hakukichukua ni ule uhuru wa mtu kukaa bila kupangiwa, na sidhani kama alisahau.

Kasoro ya Tivoli ni bei za Denmark, ambazo zitakushangaza hata kwa soda. Pia huenda kwa misimu. Ipo ya kiangazi, Halloween, Krismasi na mingineyo, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi. Na mtoto wa miaka kumi na miwili anayetaka rola kosta kumi atazimaliza zilizopo mapema, aanze kuuliza tunaondoka saa ngapi.

Efteling: msitu wa hadithi zisizo na mwenyewe

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo Waswahili wengi hawajafika, hata walioko Antwerp ambao wangeweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kijiji cha Kaatsheuvel kilikuwa na uwanja wa michezo na matembezi ulioanzishwa na mapadri miaka ya 1930. Baada ya vita ikaundwa taasisi, na hadi leo Efteling ni mali ya taasisi hiyo, jambo linalokaribia sana wakfu tunavyoujua sisi: hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Mchoraji Anton Pieck alibuni sura ya msitu, na Peter Reijnders akashughulikia mitambo. Walianza na hadithi kumi katikati ya miti halisi. Kwenye msitu huo mtoto hafungwi mkanda wala harushwi. Anafuata kijia, anafika kwenye kibanda, anachungulia dirishani. Langnek, mtu wa shingo ndefu, ananyanyua kichwa juu sana halafu anakishusha taratibu. Snow White yumo, amelala kwenye jeneza la kioo, lakini ni wa ndugu Grimm waliomwandika mwaka 1812. Wale mbilikimo wanaomlilia hawana majina ya kuchekesha. Mtoto aliyezoea filamu atauliza ni nani ni nani, nawe utamwambia ni saba tu, basi.

Ukitaka kuiona tofauti ya akili mbili, tazama mapipa ya taka. Disneyland mapipa yapo kila baada ya hatua chache, na wafagiaji wanapita bila kukoma, karatasi haipati nafasi ya kulala chini. Efteling wana Holle Bolle Gijs, sanamu ya mlafi mnene aliyeachama mdomo, anayelia kwa Kiholanzi kuomba karatasi. Mtoto akiweka mkono karibu na mdomo, karatasi inanyonywa kwa kishindo na Gijs anashukuru. Nimeona watoto wakiokota taka za watu wengine ili wakamlishe, na mmoja akidai kifuniko cha soda ambayo mama yake hajaimaliza.

Mwaka 1966 waliongeza maua ya maji yanayocheza ngoma, kutoka hadithi iliyotungwa na Malkia Fabiola wa Ubelgiji. Mwaka 1986 wakajenga Fata Morgana, safari ya mashua gizani kupitia bandari, soko, gereza na kasri la sultani, yote kwa mtindo wa Alfu Lela Ulela. Mtu wa pwani atakuta humo mambo mengi anayoyatambua na mengine ya kukunja uso, maana sultani huyo ni wa kichwani mwa Mzungu. Kwa wakubwa zipo rola kosta za kweli: Python ya 1981, na Baron 1898 iliyofunguliwa 2015, inayokuning'iniza juu ya shimo la mgodi kisha inakuachia.

Mambo ya vitendo: inafunguliwa siku zote za mwaka, hata Krismasi. Chakula chako cha nyumbani unaruhusiwa kuingia nacho, kwa hiyo vitumbua na kuku wa kukaanga wa halali havibaki kwenye gari. Ukitumia treni shuka Tilburg au 's-Hertogenbosch, umalizie kwa basi. Udhaifu wake ni lugha. Hadithi nyingi zinasimuliwa Kiholanzi, na mtoto anayesoma shule ya Kifaransa Brussels au Lyon atakosa nusu ya utamu. Pia ni hekta 72, usije bila kigari cha mtoto.

Disneyland Paris: siku ni yao, na wanaijua kazi

Ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kama kilomita 32 mashariki mwa Paris. Mwanzoni ilipokelewa vibaya. Wasomi wa Ufaransa waliiita balaa la utamaduni, wageni walishangaa kunyimwa divai na chakula chao, na hasara ikawa kubwa hadi mwaka 1994 madeni yakapangwa upya na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia akaingiza fedha zake. Divai ilikuwa imeshakubaliwa mwaka mmoja kabla.

Leo inaendeshwa kwa ustadi ambao hizo mbili nyingine haziufikii. Wajenzi walijua ni kaskazini mwa Ufaransa na mvua ipo, wakaweka vichochoro viwili vyenye paa pande zote mbili za mtaa wa kuingilia. Chini ya kasri kuna joka linalopumua na kufumbua jicho, na watu wengi wanapita juu yake bila kujua, mpeleke mtoto. Treni ya RER A kutoka katikati ya Paris inakushusha karibu na lango, na treni ya kasi ya TGV ina kituo hapo hapo. Karibu kila kitu kipo kwa Kifaransa na Kiingereza.

Lakini siku yako umeikabidhi. Bei ya tiketi hupanda kwa tarehe, likizo za shule zikiwa ghali zaidi. Foleni ni ndefu, na wenye fedha hulipa tena ili kuikwepa, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtoto aliyesimama saa nzima huku familia nyingine ikipita pembeni. Baadhi ya michezo inakutoa kupitia duka. Safari ikiisha, mlango pekee wa kwenda nje ni kati ya rafu za midoli, na huo si usahaulifu wa mchora ramani.

Jambo la sura zetu

Anayewaza kwamba dunia bila Disney ingekuwa safi zaidi, asikilize hili. Kuanzia 1988 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, Efteling walikuwa na mchezo wa vyungu vinavyozunguka ulioitwa Monsieur Cannibale. Katikati palikuwa na mpishi mweusi mla watu, nanyi mliokaa kwenye vyungu ndio kitoweo. Malalamiko yalidumu miaka kabla ya kubadilishwa kuwa Sirocco, mchezo wa mabaharia. Carnaval Festival, safari yao ya kuzunguka dunia, nayo ililazimika kufanyiwa marekebisho ya namna hiyo.

Disney hawana la kujivunia mbele yao. Safari ya mashua ya Jungle Cruise, iliyokuwapo tangu ufunguzi wa 1955, ilibeba kwa miongo Waafrika wa kuchekesha, na marekebisho makubwa yalitangazwa mwaka 2021 tu. Splash Mountain, iliyotokana na filamu ya mwaka 1946 iliyopamba maisha ya watu weusi kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani, imepewa sura mpya huko Marekani mwaka 2024. Paris haina mchezo wowote kati ya hiyo miwili, hivyo mzazi wa huku hana la kufunika macho.

Kuna upande mwingine pia. Kwenye Animal Kingdom ya Florida, iliyofunguliwa 1998, wamejenga mji mzima wa kubuni uitwao Harambe, wakiiga Lamu hadi kwenye kuta zilizochubuka plasta. Bila Walt mji huo usingekuwapo. Wala maneno hakuna matata yasingekuwa alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani mwaka 2003, na hilo bado linanikera.

Basi uchague ipi?

Mwenye watoto chini ya miaka saba, aende Efteling, hasa kama wanaelewa Kiholanzi. Hawahitaji kufikia kimo fulani ili wafurahi, na siku haiharibiki kwa foleni moja. Ukiwa na wazee au wageni kutoka nyumbani, au una jioni moja tu Copenhagen ukisubiri treni, Tivoli haina mpinzani.

Paris ni kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili anayeitaja kwa jina. Akiwa ameiota, hakuna msitu wa Uholanzi utakaomtuliza, na kumpeleka kwingine kwa kisingizio cha utamaduni ni kuwatesa wote wawili. Nenda siku ya kawaida ya wiki nje ya likizo, fika kabla lango halijafunguliwa, na mkubaliane kuhusu midoli mkiwa bado kwenye treni. Vijana wa rola kosta wanaweza kuziruka zote tatu na kwenda Europa-Park kule Rust, Ujerumani.

Walioko Muscat na Dubai wana hesabu tofauti. Mei 2025 Disney walitangaza bustani ya Yas Island, Abu Dhabi, itakayojengwa na kuendeshwa na kampuni ya Miral, wao wakichangia ubunifu na jina. Kwa safari ya mwaka huu au ujao usiihesabu. Kisiwa hicho hicho tayari kina Ferrari World na Warner Bros. World, zote kwa sehemu kubwa ndani ya majengo yenye viyoyozi, na kwa Julai ya Ghuba hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuzipendelea.